Swichi ya tatu inagoma kuingia kwenye staki: V-Mismatch, halafu poti ya staki inakatika na kurudi

pakiti_potevu (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Nina staki (swichi zilizoungwa kwa kebo maalumu zifanye kazi kama kifaa kimoja) ya swichi mbili za Cisco Catalyst 9300, zote C9300-48P, pete kamili ya kebo mbili, haijawahi kunisumbua. Poti zimejaa, ikabidi tuongeze ya tatu. Imepatikana ya mtumba, C9300-24P. Nimeifunga kwenye raki, nikaunga kebo, nikaiwasha. Taa zinawaka, feni zinavuma, lakini kundini haiingii. Safu ya MAC nimeifuta, iliyobaki ni hii:

```
Switch#   Role      Priority   State
*1        Active    15         Ready
 2        Standby   14         Ready
 3        Member    1          V-Mismatch
```

Nimezima na kuwasha, hali ni ileile. Mmoja kaniambia ya poti 24 haiwezi kukaa staki moja na za 48. Mwingine anasema kwa kuwa ni ya mtumba, mwenye nayo wa zamani "ameifunga". Kabla sijairudisha kwa muuzaji naomba msaada wenu. Watu wanafanya kazi mchana kutwa, kwa hiyo chochote cha kuzima staki nzima kitasubiri usiku.

---

kebo_ndefu

Naweka kambi hapa, na mimi nina jambo linalofanana na hili. Waje wajuzi.

---

MzeeKonsoli

Usirudishe kitu bado. 24 na 48 hukaa pamoja bila shida, na yenye PoE (inayotoa umeme kupitia kebo ya mtandao) hukaa na isiyo na PoE. Hao waliokuambia wanakisia.

Fanya hivi: izime hiyo ya tatu, chomoa kebo zake za staki, iwashe peke yake, ingia kwa konsoli. Leta mistari ya mwisho ya `show version`, pale penye jedwali la modeli na toleo, pamoja na sehemu ya leseni. Kisha leta hivyohivyo kutoka kwenye staki. Usiogope kuichomoa. Pete itafunguka, lakini 1 na 2 bado zina kebo moja kati yao, kwa hiyo zitaendelea kuonana kwa nusu ya kasi. Watumiaji hawatajua.

---

pakiti_potevu

Shukrani mzee. Staki kwanza:

```
Model         SW Version    Mode
C9300-48P     17.09.04a     INSTALL
C9300-48P     17.09.04a     INSTALL
Leseni: network-advantage
```

Na ya tatu ikiwa peke yake:

```
Model         SW Version    Mode
C9300-24P     16.12.4       BUNDLE
Leseni: network-essentials
```

Neno "Leseni" nimeandika mimi kufupisha, mengine ni kama yalivyo.

---

usiku_wa_NOC

Mbona imejieleza yenyewe. Toleo la zamani. Weka `software auto-upgrade enable` kwenye staki, rudisha kebo, nenda kalale. Itajipandisha toleo yenyewe.

---

MzeeKonsoli

Haitajipandisha, mkuu, na sababu ipo kwenye hiyo safu ya mwisho. Ngoja nifungue vizuri, maana swali hili linarudi mara kwa mara na kuna watu wanarudisha swichi nzima bila sababu.

Swichi zikishaingia kwenye staki ni kifaa kimoja: konfigi moja, anwani moja ya usimamizi, ubongo mmoja unaofikiri kwa niaba ya wote na mwingine pembeni unaosubiri kurithi. Kwa hiyo kinachotofautiana huwekwa mlangoni mpaka kifanane na wenzake. V-Mismatch ni taarifa ya hilo tu, kwamba toleo la programu silo. Umtumba haumo humo.

Mimi hukagua kuanzia kisichobadilika. Kisichobadilika ni chuma. C9300 ni StackWise-480 (StackWise ni teknolojia ya Cisco ya kuunga staki). C9300L ni StackWise-320, inahitaji moduli za staki zinazonunuliwa kando, na haikai na C9300 hata ungefanyaje. C9300X ni StackWise-1T ila inaweza kushushwa kasi iishi na 9300 za kawaida. Zile zenye herufi B mwishoni mwa jina zina kanuni zao, zisomewe hati yake kabla ya kununua. Halafu kuna mtego mmoja mzuri sana: 3850 na 9300 zote ni StackWise-480, kebo zao ni zilezile za STACK-T1, zinachomeka na kukaza vizuri kabisa, na bado hazikubaliani. Kuingia kwa kebo hakuthibitishi chochote. Ya kwako ni C9300-24P na wenzake ni C9300-48P, kwa hiyo upande wa chuma umepita.

Inayofuata ni leseni. Staki haichanganyi network-essentials na network-advantage. Hata ukimaliza habari ya toleo, hapa utakwama tena, na hakuna auto-upgrade itakayokubadilishia. Kwenye 3850 hali hii huandikwa Lic-Mismatch, angalau huko inajitaja jina. Hakikisha mna haki ya leseni hiyo kwa swichi ya tatu, kisha ikiwa bado peke yake:

```
conf t
 license boot level network-advantage addon dna-advantage
 end
write memory
reload
```

Ndipo tuje kwenye toleo. BUNDLE maana yake swichi inawaka moja kwa moja kutoka kwenye faili la .bin. INSTALL maana yake lile faili limeshafunguliwa vipande vipande na swichi inawaka kupitia packages.conf. Ile huduma ya staki kumpandisha mgeni toleo inafanya kazi kwa INSTALL tu. Ndiyo maana nilimwambia ndugu yangu hapo juu haitajipandisha.

Kwa hiyo ipandishe ukiwa nayo mezani. Kwanza `install remove inactive` upate nafasi kwenye flashi. Itakuorodheshea mafaili inayotaka kufuta, yasome kabla ya kukubali, na ifanye kabla hujanakili faili jipya, isije ikakifuta ulichotoka kukileta. Nakili .bin kutoka USB, kisha:

```
conf t
 no boot system
 boot system flash:packages.conf
 no boot manual
 end
write memory
install add file flash:cat9k_iosxe.17.09.04a.SPA.bin activate commit
```

Faili liwe lilelile la staki, hadi ile herufi "a". 17.9.4 na 17.9.4a ni matoleo mawili. Inapowaka mara ya kwanza huenda ikasasisha na kianzishi chake, na hapo itakaa kimya muda mrefu kuliko ulivyozoea. Usiiguse. Ukizima umeme katikati ya hatua hiyo unaweza ukabaki na chuma kisichowaka.

---

Dada_Trunki

Mzee kamaliza, ila naongeza moja ambalo kwa swichi ya mtumba ni la hatari kuliko toleo. Angalia kipaumbele chake KABLA ya kuunga kebo.

Namba ya swichi na kipaumbele chake havikai kwenye startup-config. Vinakaa kwenye ROMMON, ile programu ndogo inayoiwasha swichi. Unaweza kufanya `write erase`, ukafuta na vlan.dat, ukaamini ni mpya kama imetoka kwenye boksi, kumbe bado inajijua kuwa ni namba 1 yenye kipaumbele 15 huko ilikotoka. Tazama kwa `show romvar`, tafuta SWITCH_NUMBER na SWITCH_PRIORITY.

Sasa mtu anaiwasha peke yake, inakuwa kiongozi wa staki ya mtu mmoja. Kisha anaichomeka ikiwa inawaka kwenye staki iliyo hai. Viongozi wawili wamekutana, lazima mmoja aondoke, na kwenye uchaguzi huo kipaumbele kikubwa ndicho kinachopewa uzito. Mgeni mwenye 15 akimkuta mwenyeji mwenye 1, kiwango cha kiwandani, staki yenu nzima ndiyo itakayowasha upya na kumfuata mgeni mwenye konfigi tupu. Nimeona ofisi nzima ikikatika hivyo saa za kazi, na waliokuwa wamesimama mbele ya raki walikuwa wanaangalia kebo.

Kwa hiyo `switch 1 priority 1` kwenye mgeni akiwa bado peke yake, kama anajiita 1. Kisha zima kabisa, unga kebo zote mbili, ndipo uwashe. Mgeni anayewaka huku kebo ziko tayari anamkuta kiongozi yupo, hagombei.

---

usiku_wa_NOC

Hilo la ROMMON nimelichukua, dada. Ila kuhusu auto-upgrade msiitupe. Kwangu imepandisha swichi nyingi bila mtu kugusa konsoli.

---

Dada_Trunki

Hakuna aliyeitupa. Swichi mpya zilizotoka boksini pamoja, zote INSTALL, toleo limepishana kidogo, iache ifanye kazi yake. Ikichelewa unaisukuma kwa `install autoupgrade` kutoka kwa kiongozi. Kwa kitu cha mtumba kutoka toleo la mbali napendelea kukishika mkononi. Auto-upgrade ikikwama katikati unabaki na mshiriki usiyejua yuko hatua gani, na konsoli yake haikupi mengi.

---

kebo_ndefu

Naomba nipite katikati, samahani mleta mada. Mimi nina C9200-48P na C9200L-48P. Zinafanana kwa nje kama mapacha, toleo nimelilinganisha, leseni sawa. Hazionani kabisa, hata V-Mismatch siioni.

---

MzeeKonsoli

Hutaiona. C9200 ni StackWise-160, C9200L ni StackWise-80, hazichanganyiki. V-Mismatch huandikwa kwa swichi zilizokwisha kusikilizana kwenye kebo zikatofautiana toleo. Zako hazijafika huko.

Hiyo L moja imewagharimu wengi. Jina likisomwa haraka dukani au kwenye hati ya manunuzi halionekani. Ukiwa na zaidi ya moja ya kila aina, weka za L staki yao na zisizo na L staki yao, kisha ziunganishe staki hizo mbili kwa uplinki (poti za kuelekea swichi nyingine) za faiba ukizifunga pamoja kwa LACP, yaani linki kadhaa zihesabike kama moja. Ukiwa nayo moja moja, acha kila mtu asimame kivyake, LACP hiyohiyo katikati, na usimamie vifaa viwili. Hakuna ubaya.

---

kebo_ndefu

Dah. Na hizo moduli za staki nilizonunua?

---

MzeeKonsoli

Zitunze mpaka utakapopata C9200 nyingine.

---

waya_mtupu

Hivi kuna swichi gani zinazochanganyika basi? Maana naona kila kitu hapana. Na nimeona swichi za bei ya chini zimeandikwa "stacking" kwenye boksi, hizo nazo ni hivihivi?

---

Dada_Trunki

Zipo zinazochanganyika, kwa masharti. Mfano wa zamani: 2960-X inaweza kukaa na 2960-S, lakini staki nzima inashuka kwenye kiwango cha 2960-S, kwa kasi na kwa idadi. 2960-X zenyewe zinaenda hadi nane kwa FlexStack-Plus, teknolojia yao ya staki, mkichanganya mnaishia nne. Na 2960-XR, ambayo kwa jina ni kama ndugu wa tumbo moja na 2960-X, haikubali kukaa nayo. Kwa hiyo jina kufanana lisikudanganye. Sharti usome jedwali la mtengenezaji kwa modeli yako kamili, herufi hadi ya mwisho.

Kuhusu boksi: neno hilo linabeba vitu viwili tofauti. Kuna staki ya kweli, ambapo data inapita kwenye kebo za staki na swichi zote ni kifaa kimoja. Na kuna usimamizi wa pamoja kwa anwani moja tu ya IP, ambapo unaingia sehemu moja ukaziona zote, lakini kila swichi inafikiri kivyake na data inapita kwenye uplinki za kawaida. D-Link wana SIM (Single IP Management) ya namna hiyo, Catalyst 1000 nayo inayo. Si kitu kibaya, ila huwezi kuchukua poti moja ya swichi hii na nyingine ya swichi ile ukazifunga LACP moja kuelekea kwenye seva. Hicho ndicho kipimo changu cha haraka. Muulize muuzaji swali hilo moja, akianza kuzunguka umeshapata jibu.

---

usiku_wa_NOC

Kuna Dell PowerConnect 5500, staki yake inaungwa kwa kebo za HDMI. Kweli kabisa, HDMI hii ya televisheni. Mara ya kwanza nilidhani swichi ina sehemu ya kuchomeka skrini, nikaenda kutafuta monita.

---

waya_mtupu

😂😂 Nimecheka kwa sauti ofisini.

---

pakiti_potevu

Wakuu nimerudi. Nimefuata hatua zote. Kipaumbele chake kilikuwa 1, kwa hiyo huko nilikuwa salama. Leseni nimebadili, toleo limepanda, sasa inasoma INSTALL na 17.09.04a. Jana usiku nimeizima, nimeunga, nimewasha. Zote tatu `Ready`. Nilitaka kuja kuwashukuru, nikaona log inajaa ujumbe wa poti ya staki kuanguka na kuinuka. Mtandao haujakatika, watumiaji hawana neno.

```
Sw#/Port#  Status  Neighbor  Cable    Link OK  Sync OK  #Changes
1/1        OK      2         50cm     Yes      Yes      1
1/2        OK      3         100cm    Yes      Yes      1
2/1        DOWN    None      50cm     No       No       37
2/2        OK      1         50cm     Yes      Yes      1
3/1        OK      1         100cm    Yes      Yes      1
3/2        DOWN    None      50cm     No       No       37
```

Ukisubiri kidogo 2/1 na 3/2 zinarudi OK, kisha zinaanguka tena.

---

MzeeKonsoli

Hongera kwa hizo Ready tatu. Hili la pili ni dogo, lakini ulimalize.

Soma jedwali lako. Watumiaji hawajalalamika kwa sababu pete imebaki nusu, 2 inafika kwa 3 kupitia 1. Una nusu ya kasi na huna akiba: kebo nyingine ikilegea, kuna swichi itabaki kisiwani.

DOWN si sawa na ABSENT. ABSENT ni kwamba swichi haioni kebo kabisa. DOWN ni kwamba kebo inaiona, urefu wake imeusoma, 50cm, ila haipati jirani upande wa pili. Kwa hiyo kuna mawasiliano kiasi, yanakatika. Na ile safu ya mwisho ndiyo ninayoitazama kwanza siku zote: moja ni kuwaka kwa kawaida, 37 ndani ya usiku mmoja ni linki inayotetemeka. Ncha zote mbili zina idadi ileile, 2/1 na 3/2, maana yake ni kebo ile moja au mojawapo ya poti hizo mbili.

Kabla ya kubadili chochote, zile skrubu mbili za kila kichwa cha kebo zikaze kwa mkono, sawasawa, usimalize upande mmoja kwanza. Kichwa kikikaa upande kinaonekana kimeingia kumbe safu moja ya pini inagusa nusunusu. Nembo kwenye kichwa iangalie juu.

Bado? Badilishana kebo. Chukua hiyo inayosumbua iweke kati ya 1 na 2, na ya 1 na 2 iweke kati ya 2 na 3. Tatizo likihama na kebo, ni kebo. Likibaki kwenye 2/1 au 3/2, ni poti. Lakini fanya usiku, maana ukichomoa ya 1 na 2 wakati ya 2 na 3 imeanguka, namba 2 inabaki haina jirani, itajifanya kiongozi, na ukirudisha kebo kuna mmoja atalazimika kuwasha upya.

---

kebo_ndefu

Mkuu hujachanganya na kebo ya umeme kweli? 9300 ina StackPower pia nyuma.

---

pakiti_potevu

Hapana, za StackPower sijaunga kabisa, ziko wazi.

---

Dada_Trunki

Swali la maana hata hivyo. Kebo za StackPower zinagawana umeme wa power supply kati ya swichi, na pete yake ni swichi nne mwisho, wakati staki ya data kwenye 9300 inafika nane. Unaweza kuunga moja bila nyingine. Vichwa vyake ni tofauti, ila kwenye raki yenye giza watu hulazimisha kila kitu.

Mleta mada, hata kabla ya usiku unaweza kunyamazisha hiyo linki isiendelee kuanguka na kuinuka: `switch 2 stack port 1 disable`. Itakuonya kwamba inabadilisha staki. Kwa sasa pete yako ni nusu, kwa hiyo hakikisha kwanza ni 2/1 na si 2/2. Ukikosea namba hapo utaikata swichi namba 2 wewe mwenyewe.

---

pakiti_potevu

Imekwisha. Skrubu hazikusaidia, nikabadilishana kebo usiku, tatizo likahama na kebo. Nimeitoa nikaimulika kwa tochi: pini moja upande wa chini imelala, nyembamba kama unywele, haionekani mpaka uielekeze kwenye mwanga kwa pembeni. Hii ni kebo iliyokuja na swichi ya mtumba, ndani ya mfuko uleule, imekunjwa na kufungwa kwa mpira. Muuzaji amenipa nyingine. Safu ya #Changes sasa inasoma 1 kwa poti zote sita na pete imefunga.

Swali la mwisho: je, naweza kuinyoosha ile pini nikaitunza kwa dharura?

---

MzeeKonsoli

Itupe. Pini iliyonyooshwa ikivunjikia ndani ya poti ya swichi utatamani ungenunua kebo kumi. Hata nzima zenyewe usiwe unazichomoa na kuzichomeka bila sababu, kila mara unapunguza maisha yake.

Malizia kwa mambo mawili. Vipaumbele viache kama ulivyovipanga, 15, 14, na ya tatu chini, ili siku umeme ukikatika na kurudi ujue nani atakuwa kiongozi. Kipaumbele kipya hakimng'oi kiongozi aliyepo, kinasubiri uchaguzi ujao. Halafu zoezi: usiku mmoja mzimie kiongozi umeme makusudi, uone msaidizi anarithi na linki zako za LACP zinabaki. Bora ulione ukiwa umesimama hapo.

---

swichi_pweke

Nimesoma uzi wote kimya kimya. Mimi ni wa upande wa pili: sipendi staki kwenye kitovu cha mtandao. Faida zake nazijua, lakini ubongo ni mmoja. Hitilafu ya programu ikimpata kiongozi vibaya, inaweza kuwapata wote. Na kupandisha toleo, kwa kawaida staki nzima inawasha upya pamoja. Kwenye swichi za ghorofani zinazohudumia kompyuta za watu, sawa. Kwenye kitovu naweka mbili zinazojitegemea.

---

Dada_Trunki

Hapo sikubishii, na nadhani hata mzee hatakubishia. Mleta mada anaunga kompyuta za ofisi, staki inamfaa. Kwa kitovu kuna mbinu za vifaa viwili vinavyoonekana kimoja kwa LACP lakini kila kimoja kina ubongo wake, kama vPC kwenye Nexus au VSX kwenye Aruba CX. Huko unapandisha toleo kimoja huku kingine kinabeba mzigo.

---

waya_mtupu

Na mimi nijichomeke kabla uzi haujafungwa. Nina Juniper EX2300 mbili, nataka kuziunga Virtual Chassis, yaani staki ya Juniper. Nina SFP (moduli za kuchomeka kwenye uplinki) za giga 1 za kutosha. Nimechomeka kwenye uplinki, linki inawaka, lakini `show virtual-chassis` kila mmoja anajiona peke yake.

---

usiku_wa_NOC

Hii nimeifanya sana, mwachieni mimi.

Linki kuwaka hapo ni linki ya kawaida ya Ethaneti tu. EX2300 haina poti za Virtual Chassis zilizoandaliwa kiwandani, tofauti na EX3400 ambayo poti zake za QSFP+ zinakuja tayari. Lazima uzigeuze mwenyewe. Na zinataka 10G, yaani moduli za SFP+ au kebo fupi ya DAC (kebo ya shaba yenye moduli zake kwenye ncha zote mbili). Hizo za giga 1 ziweke kwa kazi nyingine. Angalia pia leseni, EX2300 inadai leseni kwa Virtual Chassis, na mwisho wake ni swichi nne.

Kwenye kila swichi:

```
request virtual-chassis vc-port set pic-slot 1 port 0
request virtual-chassis vc-port set pic-slot 1 port 1
```

Toleo la Junos liwe moja kwenye zote mbili kabla ya kuunga. Na kwa kuwa ni mbili tu, weka:

```
set virtual-chassis no-split-detection
```

Ukiiacha bila hiyo, mmoja akizimika yule aliyebaki anaweza kudhani yeye ndiye aliyekatwa na kundi, akaacha kufanya kazi. Kwa mbili hutaki hilo. Kwa tatu na zaidi iache kama ilivyo.

Ukipenda kupanga nani awe nani, tumia `preprovisioned` kwa serial namba zilizo mgongoni mwa swichi, usiwaache wajichagulie. Na kumbuka poti ikishageuzwa hivyo haionekani tena kama xe-0/1/0, usije ukaitafuta kwenye konfigi. Kuirudisha ni `request virtual-chassis vc-port delete pic-slot 1 port 0`.